Mshipa Uliosimama Shingoni

Daktari aliniuliza swali jepesi tu: "Bibi, umewahi kuzirai?"

Nikamjibu, "Sijawahi." Nilijibu haraka, kama mtu anayefukuza nzi kwenye maziwa. Mwanangu mkubwa alikuwa amekaa kiti cha pembeni, kofia mkononi, anasikiliza.

Nilikuwa nimezirai mara mbili.

Watu watasema bibi huyu ni mjinga, kasafiri kutoka Tarime mpaka Mwanza kwenda kumdanganya mtu aliyetaka kumponya. Kusoma sikusoma sana, niliishia darasa la nne kule Ringwani nilikozaliwa. Lakini ujinga siyo. Kwetu mama hasemi mambo ya mwili wake mbele ya mwanawe wa kiume aliyekwisha kupita jandoni. Huyu mwanangu, tangu awe mtu mzima, hajakanyaga chumba ninacholala. Nikiumwa husimama nje ya mlango akauliza, "Mama, umeamkaje?" nami nikajibu, "Salama, baba," hata kama usiku kucha sikulala. Hiyo ndiyo heshima, na kwa miaka yote haijawahi kunidai kitu. Mpaka siku ile.

Maana kuzirai kwenyewe kulikuwa na aibu yake. Mara ya kwanza nilikuwa napandisha ndoo ya maji kutoka kijitoni. Nyumba yangu ilikuwa juu ya kilima, Kerende unaiona kule bondeni na vumbi la machimbo yake. Nilipofika katikati ya mteremko dunia ikawa nyeusi kama mtu amenivisha sufuria kichwani. Nilipozinduka uso ulikuwa kwenye nyasi na ndoo imesimama wima pembeni, haijamwagika hata tone, lakini sketi yangu imelowa. Nikajua ni nini. Nikaichukua ile ndoo nikajimwagia maji yote, ili nikifika nyumbani waone mama kamwagikiwa na maji, basi. Mara ya pili sikuwa na ndoo. Nikakaa juani mpaka nikakauka.

Sasa hilo ndilo ningemwambia daktari, mwanangu amekaa pale na kofia yake?

Daktari mwenyewe alikuwa binti mdogo, sauti ya upole, kucha fupi. Ugonjwa aliueleza vizuri. Alisema ni presha, lakini si ile ya kufungwa kitambaa mkononi. Ni presha ya mapafu. Mishipa inayopeleka damu kwenye mapafu imekaza, njia imekuwa nyembamba, na moyo unasukuma damu kama mtu anayesukuma mkokoteni wenye mzigo mlimani. Ukisukuma sana unanenepa upande mmoja, kisha unachoka. Nikamwambia ni moshi, maana nilipika makande ya shule miaka mingi kwa kuni. Akasema moshi si rafiki, lakini picha ya mapafu yangu haikuonyesha kwamba ndio mwenye kosa. Sababu walikuwa hawajaipata.

"Sasa, bibi," akasema, "dawa siwezi kukupa kwa kubahatisha. Lazima nijue hatari yako ni ndogo, ya kati au kubwa. Na hilo silijui kwa kitu kimoja. Naangalia unatembea umbali gani, kazi ipi inakuchosha, umezirai au hujazirai, umevimba au hujavimba. Naangalia damu, naangalia picha ya moyo. Nayaweka pamoja. Baadhi ninapima mwenyewe. Mengine lazima unipe wewe."

Ya kwangu nikampa. Kuchoka? Kidogo tu, uzee. Kuvimba? Viatu vimebana. Kuzirai, nimekwisha kusema nilichojibu.

Kisha wakanipeleka kwenye varanda ndefu, wameweka koni mbili za rangi ya chungwa, moja huku na moja kule. Nesi ana saa. Akasema tembea, zunguka koni, rudi, dakika sita, ukichoka simama au kaa, hakuna kosa. Mwanangu akasimama ukutani kutazama. Jamani! Mtoto niliyemwambia miaka yote kwamba mtu haonyeshi maumivu, leo anione nimeshikilia ukuta? Nilitembea kama ninawahi kugawa nyama ya sherehe. Kifua kinawaka, masikio yanapiga ngoma, nami natabasamu. Nesi akasema, "Bibi ana nguvu huyu!" Mwanangu akacheka kwa fahari. Nilipokaa niliona nyota za mchana kama dakika kumi, nikajifanya nafunga kamba ya kiatu.

Daktari aliangalia karatasi, akaangalia picha ya moyo, akaniangalia mimi. "Moyo wako unalalamika kuliko wewe," akasema. Lakini angefanya nini? Akaandika hatari ya kati, akanipa dawa aina moja, akasema nirudi baada ya miezi mitatu, na likitokea jambo lolote nisingoje.

Ile dawa nayo ilikuwa na vituko vyake. Vidonge vilipopungua nilikwenda duka la dawa mjini Tarime kuongeza. Kijana wa dukani akasoma cheti, akanitazama, akasoma tena. Akainama juu ya kaunta, ananong'ona, "Bibi, hii ni ya babu?"

"Babu yako yuko kaburini mwaka wa saba huu. Kwani ni dawa ya nini?"

Akakohoa. Mama mmoja nyuma yangu akaanza kucheka ndani ya kanga. Ndipo nikajua kwamba dawa inayolegeza mishipa ya mapafu yangu ndiyo ileile wanaume wanayoinunua kwa kujificha. Nikamwambia kijana, "Nipe hesabu kamili, na usininong'oneze. Mimi napanda nayo mlima." Duka zima likacheka.

Lakini mlima sikuupanda kirahisi. Ukweli ni kwamba mlima ulikuwa unanishinda. Zamani kutoka kijitoni mpaka kwangu nilipumzika mara moja, kwenye jiwe kubwa tunaloanikia udaga wa muhogo. Baada ya Mwanza zikawa mara mbili, kisha nne. Na kwa kuwa sikutaka mtu aseme mama anapumzika, kila nilipoishiwa pumzi niligeukia nyumba iliyo karibu nikaanza salamu. Habari za watoto? Habari za mbuzi? Yule kuku wenu wa kishungi bado yupo? Jirani mmoja ambaye hatukusemeshana vizuri tangu ugomvi wa mpaka wa shamba akamwambia mwenzake, "Siku hizi yule mama amekuwa mwema sana. Labda ameokoka."

Ndivyo nilivyoishi miezi miwili. Nimeokoka kwa kukosa pumzi.

Kisha mwanangu akaja, akasimama nje kama kawaida yake. "Mama, nataka mtamba. Twende mnadani ukaniangalizie."

Hapa nieleze fahari yangu. Kupima ng'ombe kwa macho kwetu ni kazi ya wanaume. Lakini baba yangu hakupata mtoto wa kiume mapema, na mimi ndiye niliyechunga. Alinifundisha kutazama ng'ombe kabla mwenyewe hajaanza kusema. Tazama anavyosimama. Tazama anapumua kwa mbavu au kwa tumbo. Tazama anatembea mbele ya wenzake au nyuma. Shika ngozi, iachie, uone inarudi lini. Mpaka leo wanaume wazima wananifuata mnadani, wanajifanya wamekuja kunipa shikamoo tu, kumbe wanataka nitupe jicho. Sikosei mara nyingi. Nikisema huyu atavuka kiangazi, anavuka. Nikisema huyu ni wa kuchinja, mchinje mapema.

Tukaenda kwa bodaboda mpaka mlangoni, sikutembea. Mwanangu alikuwa amempenda mtamba mmoja mwekundu, mzuri wa kumtazama, nyonga pana, pembe zimepinda vizuri. Dalali anamsifu mpaka povu linamtoka. Mimi nikazunguka polepole. Huyo mtamba alisimama ameachanisha viwiko vya mbele, kama mtu aliyebeba vitu kwapani. Shingoni mshipa umesimama mnene kama kamba ya ndoo, unacheza. Kidarini, pale chini ya shingo, kuna uvimbe laini. Nikabonyeza kwa dole gumba. Nikatoa dole. Shimo likabaki.

"Huyu hapana," nikasema.

Dalali akaruka. "Mama, huo ni unono! Hujawahi kuona ng'ombe aliyeshiba?"

"Unono haubaki na shimo. Haya, mkimbize mpaka kile kichuguu na kurudi, nami nitamlipia bei yako yote."

"Ng'ombe wangu si farasi!"

"Najua. Ni mgonjwa wa moyo. Haoni mvua za vuli huyu."

Watu wakacheka, dalali akatema mate pembeni, akasema wanawake wabaki na kuku wao. Mwanangu akaniondoa kwa heshima. Tulipofika mbali kidogo akauliza, "Mama, umejuaje upesi hivyo? Mimi nimemtazama asubuhi nzima."

Nikamwambia, "Ng'ombe hadanganyi, mura. Anayedanganya ni dalali."

Nilisema bila kufikiri, kama mtu anavyosema methali. Lakini njia nzima kurudi lile neno lilikaa nami kwenye pikipiki. Nilipofika nyumbani nikachemsha maji ya kuoga mchana kweupe. Nikakaa juu ya kigoda, nikabonyeza mguu wangu juu ya kifundo. Nikatoa dole. Shimo likabaki, limejaa kivuli, linanitazama. Nikachukua kioo cha marehemu mume wangu cha kunyolea, nikageuza shingo. Mshipa ulikuwa pale, umesimama, unacheza.

Nilikaa na kioo mpaka maji ya kuogea yakapoa. Mimi ndiye ng'ombe, na dalali pia ni mimi. Ningejiona mnadani nisingejinunua.

Na niliogopa. Nimezika mume, nimezika watoto wawili, nilidhani hofu imeniisha. Lakini hesabu niliyompigia yule mtamba hadharani, watu wakicheka, ilikuwa hesabu yangu mwenyewe. Mvua za vuli zilikuwa zimebaki miezi minne hivi.

Nikampigia simu mjukuu wangu, binti wa huyo mwanangu, fundi cherehani pale mjini Tarime. Sisi kwa sisi ni watani, kama ilivyo kwa bibi na mjukuu. Mtoto humheshimu mama yake mpaka maneno yanakauka, lakini mjukuu anaruhusiwa kusema lolote. Yeye huniita mke mwenza, kwa sababu babu yake alikuwa akimwita mchumba.

Akaja kesho yake, sindano bado imechomekwa kwenye blauzi. "Haya, mke mwenzangu, umeniita kunirithisha sufuria?"

"Kaa chini. Nimezirai mara mbili. Na nilijikojolea."

Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, aliacha utani. Kisha akasema, "Daktari alisemaje?"

"Sikumwambia. Baba yako alikuwepo."

"Bibi!" Akasimama, akakaa, akasimama. "Kwa hiyo umekwenda mpaka Mwanza, wamekupima damu, wamekupima moyo, halafu jambo lenyewe ukarudi nalo nyumbani kwenye sketi?"

"Nilikwisha kuifua."

Tukacheka mpaka nikakosa pumzi, na yeye alipoona midomo yangu inavyobadilika rangi akaacha kucheka. Hakungoja ile miezi mitatu iishe. Kesho kutwa yake tulikuwa kwenye basi.

Daktari alikuwa yuleyule. Nilimweleza yote, na kila nilipotaka kupunguza mjukuu alinikanyaga mguu chini ya meza. Ndoo. Nyasi. Salamu za majirani. Varanda na kamba ya kiatu. Daktari aliacha kuandika, akasikiliza tu. Nilingoja anigombeze. Akasema, "Asante, bibi. Sasa nimekuona."

Wakanipima upya. Safari hii nilitembea na mjukuu akitazama, nikasimama mara tatu, nesi akaandika kila mara. Daktari akageuza karatasi zote, akasema bila kuzungusha: "Sasa nakuweka kwenye hatari kubwa. Kuzirai peke yake kungenitosha kushtuka. Na uvimbe, na miguu hii, na moyo wenyewe."

"Mpaka mvua zipi?" nikamuuliza.

Hakuelewa. Mjukuu akamfafanulia, "Anauliza amebakiwa na muda gani."

Binti yule akaweka kalamu chini. "Sijui, bibi. Nikikutajia mwezi nitakuwa nabuni. Ninachojua ni kwamba wenye dalili kama zako, tusipofanya kitu, wengi hawakai muda mrefu. Ninachojua pia ni kwamba mtu anaweza kutoka kundi hili akashuka kwenda lile. Ndiyo maana tunapima tena na tena. Tunapima ili tujue la kufanya leo."

Nikamheshimu. Miaka yote mnadani nimetaja mvua na majira, na watu wakanisifu. Huyu mwenye mashine zote hakutaja.

Akaongeza dawa ya pili, na vidonge vya kutoa maji mwilini, ambavyo vilinikimbiza chooni kama mtoto aliyekula maembe mabichi. Chumvi kidogo. Nijipime uzito kila asubuhi. Na kilima, basi. "Ndoo usibebe tena. Mlima usipande tena."

Hilo la mlima liliniuma kuliko lile la hatari kubwa. Nyumba ile niliikandika mwenyewe. Mume wangu amelala nyuma yake. Na kuhama bila mwanangu kujua sababu haiwezekani, na sababu siwezi kumwambia. Mjukuu akasema, "Niachie. Mimi ndiye mdomo."

Alimwambia baba yake nini na kwa maneno gani, sikuuliza. Najua tu kwamba mwanangu hakuja kwangu siku mbili. Siku ya tatu nikasikia chini kule, karibu na nyumba yake, kwenye tambarare ya barabarani, mtu anachimba msingi. Alikuwa yeye. Alichimba. Mabati yakaja, tofali zikaja. Chumba kimoja na varanda, choo cha karibu, mlango hauna ngazi. Kilipokwisha akaja kusimama nje ya nyumba yangu ya juu, akavua kofia. "Mama, kule chini kuna kivuli kizuri asubuhi."

"Nimesikia, baba."

Nikashuka. Nilishuka kwa kukaa kila mahali nilipotaka kukaa, na sikumuuliza mtu habari za kuku wake.

Siku ya kurudi tena Mwanza mjukuu alikuwa na sare za harusi za kumaliza. Mwanangu akasema atanipeleka yeye. Nikasita, kisha nikapanda basi.

Varanda ileile, koni zilezile. Mwanangu akasimama ukutani palepale. Nesi akasema anza. Mzunguko wa kwanza nikaenda vizuri, wa pili, wa tatu, mwendo wangu, siyo wa sherehe. Wa nne kifua kikaanza kushika. Nilijua nikikaza meno nitamaliza bila kusimama, na mwanangu atacheka tena kwa fahari kama siku ile. Nilimtazama. Yeye akageuza uso dirishani, ananipa heshima yangu.

Nikasimama. Nikaweka mkono ukutani, nikainamisha kichwa, nikapumua kwa sauti kama mvukuto wa mhunzi. Nesi akasema saa inaendelea, bibi, usiogope. Nikasikia miguu ya kiti inaburuzwa sakafuni. Mwanangu alikuwa amekileta, amekiweka nyuma yangu, na kurudi dirishani bila kunitazama. Nikakaa. Nilipopata pumzi nikainuka, nikaendelea mpaka saa ikaisha.

Umbali ulikuwa mfupi kuliko ule wa siku ya kwanza. Chumbani daktari akauliza, "Tangu tuonane, umezirai?" Mwanangu akainuka atoke nje. Nikamwambia, "Kaa." Akakaa, macho kwenye kofia.

"Sijazirai," nikamwambia daktari. "Lakini wiki iliyopita, nilipoinama kuokota ufagio, macho yaliingia giza. Nikachutama mpaka likapita. Na miguu, shimo bado linabaki jioni, asubuhi halipo."

Akaandika yote. Akatazama picha mpya ya moyo, akalinganisha na ya zamani. Akasema hatari ya kati. Akasema safari hii anaiamini.

Kwenye basi la kurudi tulikuwa tumekwisha kupita Musoma. Mvua ilikuwa inapiga vioo. Ghafla mwanangu akasema, "Mama, yule mtamba mwekundu yupo."

"Yupi?"

"Wa mnadani. Alinunuliwa na mtu wa Kerende, kwa bei ya kutupa, baada ya maneno yako. Hamswagi malishoni. Anamfunga bondeni karibu na maji, anamkatia majani."

Nikatazama nje. Mvua za vuli hizo, zimefika, na zinamnyeshea mtamba. Nilikuwa nimemkosea hesabu mbele ya watu.

"Ni tambarare kufika huko?" nikauliza.

"Tambarare tupu, mama."

Alinipeleka Jumapili, polepole, nikikaa njiani mara mbili. Mtamba alikuwa amesimama chini ya mti, hajanenepa, viwiko bado ameviachanisha. Nikamtazama shingoni. Mshipa bado unacheza. Mwenyewe akatoka ndani, akanitambua, akauliza kwa wasiwasi, "Mama, leo unamwonaje?"

Nikambonyeza kidarini, nikatoa dole, nikangoja.

"Sijui," nikamwambia. "Endelea kumkatia majani. Nitarudi kumwangalia tena."